Tangazo la Kifo cha Cornel Sila

Mzee Cornel Sila alifika ofisini Jumatatu asubuhi, akiwa amevaa koti la suti na viatu vyenye vumbi jekundu. Alikaa kwenye benchi la mapokezi kimya, mikono magotini, mpaka dada wa mapokezi alipomuuliza shida yake. Akasema amekuja kulalamika kwamba ametangazwa kuwa amekufa. Yule dada alidhani amesikia vibaya, akamwomba arudie. Alirudia kwa sauti ileile, kisha akapelekwa kwa Mwajabu Halfani.

Mwajabu alikuwa ametimiza miaka tisa katika ofisi hiyo ya udhibiti wa utangazaji jijini Dodoma, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Aliajiriwa wakati kusikiliza kulimaanisha redio na televisheni, vituo unavyoweza kuvihesabu na kujua mlango wa kila kimoja uko mtaa gani. Mtu akikosea, unamwandikia barua, naye anakuja na tai shingoni kujieleza. Siku hizi alishinda amevaa visikilizio, akipita kwenye chaneli za mtandaoni ambazo hazina mlango wala mtaa, na jioni alirudi nyumbani kwake Mkonze masikio yakivuma.

"Shikamoo baba," alimwamkia mgeni wake.

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza hii."

Akamkabidhi simu, naye Mwajabu akachomeka visikilizio vyake. Rekodi ilianza kwa kikohozi, mara mbili, cha mtu anayesafisha koo. Kisha sauti nzito ya mwanamume, isiyo na haraka: "Mbukwenyi, wasikilizaji. Aliye jikoni na asogee karibu." Baada ya salamu hiyo ya Kigogo likafuata tangazo. Familia ya Sila ya Kibakwe inasikitika kutangaza kifo cha baba yao mpendwa, Cornel Sila, kilichotokea ghafla. Mazishi ni Alhamisi saa nane mchana. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo.

Mwajabu alivua visikilizio akaviweka mezani taratibu. Hakushtushwa na tangazo. Sauti ile aliijua, na mwenye sauti hiyo alikuwa amezikwa Mlali mwaka uliotangulia.

Mzee Cornel hakugundua. Aliendelea kueleza. Alhamisi ile watu walikuja kwake na unga na kuni, wakamkuta shambani anafungulia vitunguu maji. Wengine walicheka kwa aibu, wakarudi na unga wao. Wengine hawakucheka. Walisimama kwenye tuta wakamtazama muda mrefu, wakaondoka bila kuaga. Tangu hapo simu yake haikuita. Kwenye mkutano wa kijiji mtendaji alisoma majina akaliruka lake, na aliponyoosha mkono watu walitazama pembeni. Mnunuzi wake wa vitunguu alikwenda kwa jirani. Hata mkewe, aliyeishi naye miaka thelathini na nane, alikuwa akimwekea kiganja puani akisinzia, kuhakikisha pumzi inatoka.

"Nawaambia mimi ni mzima," alisema. "Wananiitikia, ndiyo mzee. Halafu wanalituma tena."

Mwajabu alimwahidi kwamba litashughulikiwa. Mzee alipoondoka, Mwajabu alifungua kabati la mafaili ya zamani akatoa moja lenye jina la Yotham Mazengo.

Yotham alikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya jamii upande wa Kongwa. Alisoma vifo, ng'ombe waliopotea na mikutano ya vijiji, na wakulima walisema hawaamini mvua mpaka Yotham aitaje. Siku moja alitangaza kwamba maji ya kisima cha kijiji fulani yameua watu watatu. Haikuwa kweli. Aliyeandika barua ya kuifungia redio ile miezi mitatu alikuwa Mwajabu, baada ya kuisikiliza sauti hiyo wiki nzima ili kupima kosa lake. Redio haikufunguliwa tena. Miezi saba baadaye Yotham alifariki.

Mwajabu aliiandikia kampuni ya nje inayomiliki mtandao uliorusha tangazo lile. Siku ya tatu chaneli ikaondolewa, na mkuu wake, bwana Elisante, akampongeza kwenye kikao. Kufika Ijumaa zilikuwapo sita, zote na kikohozi kilekile mara mbili. Akaandika tena kuhusu hizo. Zikawa kumi na nne. Na hizo ndizo zilizoonekana. Kilichokuwa kinazunguka kwenye makundi ya Wasapu, kutoka simu hadi simu, hakuna barua ingeweza kukifikia.

Ofisi ikatoa taarifa rasmi, yenye nembo na mhuri, kwamba Cornel Sila yu hai na umma upuuze uvumi. Baada ya siku nne taarifa ilikuwa imesomwa na watu arobaini na mmoja. Mmoja wao aliandika chini yake kuuliza kama mazishi yameahirishwa hadi lini.

"Tuendelee kuzima," Elisante alimwambia. "Ndiyo kazi tuliyopewa."

Jumamosi iliyofuata Mwajabu alikwenda Mlali. Hakumuaga Elisante. Aliwaza kwamba sauti ya marehemu haiwezi kuigwa bila mtu kuwa na rekodi zake, na rekodi lazima ziwe zimetoka kwa watu wake.

Mjane wa Yotham aliitwa Miriam. Alikuwa amekaa barazani anapepeta mtama, na karibu naye, juu ya kigoda, simu ilikuwa inasema kwa sauti ya mumewe. Ilikuwa inatangaza kifo cha mtu mwingine, wa Gairo. Mwajabu alisimama mlangoni mpaka tangazo lilipokwisha, ndipo akasalimu.

Hawakufichana. Mwajabu alijitambulisha ni nani, na kwamba ndiye aliyeandika ile barua. Miriam aliendelea kupepeta. Alimwita binti yake, Brightness, aliyekuwa amerudi kutoka chuoni, naye akaeleza bila kulazimishwa. Baba alipokufa aliweka mtandaoni rekodi zake zote za zamani, saa mia na zaidi, ili wasiomjua wamsikie. Baadaye watu wakazichukua, wakazilisha kwenye programu za akili mnemba, na sauti ikaanza kusema mambo ambayo baba hakuwahi kuyasema. Aliyeanza, Brightness hakumjua. Alijaribu kuziondoa zile rekodi, lakini zilikuwa zimekwisha kunakiliwa.

"Na wewe mama unaisikiliza?" Mwajabu aliuliza.

"Kila asubuhi. Najua si yeye. Yeye hasemi 'ghafla.' Alikuwa anasema kifo cha ghafla ni neno la kuwatia watu hofu." Akaweka ungo chini. "Lile la kisima alidanganywa na mtu aliyemwamini. Usiku ule alijua. Akaandika masahihisho ayasome asubuhi. Asubuhi ikafika barua yako. Watu mpaka leo hawachoti maji pale, kwa sababu aliyewaambia maji yanaua hakurudi kuwaambia hayaui. Walikuja wengine wakawaambia. Hawakuwa Yotham."

Upepo ulipita uani ukazoa makapi ya mtama. Alichokisema Mwajabu kisha kilimshangaza yeye mwenyewe. Alimweleza Miriam habari za mzee wa Kibakwe, mkono wa mke puani, jina lililorukwa. Kisha akaomba watumie sauti ya Yotham kulisahihisha tangazo.

Brightness alimtazama mama yake. Miriam akasema tangazo asiandike mtu wa ofisi, ataandika yeye, kwani anajua mumewe angesemaje. Akatamka maneno, binti akayaingiza kwenye programu kama zile, simuni mwake. Haikuchukua hata muda wa chai kuchemka. Kikohozi kikaja, mara mbili. "Mbukwenyi, wasikilizaji. Aliye jikoni na asogee karibu. Nilikosea. Cornel Sila wa Kibakwe yu hai, na aliyempelekea kuni za msiba ampelekee sasa za kupikia. Habari ziwafikie popote mlipo."

Miriam alijifunika uso kwa khanga. "Hiyo sasa ni yeye," alisema.

Mwajabu alijua anachokivunja. Kanuni alizisimamia kwa miaka tisa, na nyingine alishiriki kuziandika. Hata hivyo alilituma lile tangazo kwenye makundi matatu ya Wasapu aliyokuwa akiyafuatilia kikazi. Alipofika Mkonze jioni, jirani yake alikuwa amekwisha kulipata kutoka kwa shemeji yake aliye Singida.

Wiki iliyofuata mzee Cornel alipiga simu. Kuni zimejaa uani, alisema, hana pa kuziweka. Mnunuzi wa vitunguu amerudi. Mtendaji amekuja mwenyewe kuomba radhi. Alicheka, na Mwajabu alicheka naye. Elisante, kwa upande wake, alimkabidhi kazi ya kumtafuta aliyetengeneza tangazo lile la pili, maana nalo lilikuwa la kughushi kama la kwanza. Mwajabu aliipokea karatasi akaiweka chini ya nyingine.

Kisha mzee hakupiga tena. Baada ya wiki tatu mkewe ndiye aliyepiga. Aliongea kwa kunong'ona, akimwomba afike kama anaweza.

Mwajabu alifika Kibakwe karibu saa sita mchana. Milima ilikuwa imekauka, na njia ya kwenda kwa mzee ilikuwa na nyayo nyingi. Uani walikuwapo watu kama thelathini, wameketi chini wamejipanga, hakuna anayeongea. Wengi walikuwa na picha mikononi, au kitambulisho, au shati lililokunjwa. Mzee Cornel alikuwa kwenye kiti mbele yao, na koti lake la suti, amekonda. Mama mmoja alikuwa amemwinamia, na mzee alikuwa anamwambia jambo sikioni.

Mkewe alimvuta Mwajabu kando. Alimweleza kwamba tangazo la kwanza watu waliliamini, na la pili nalo wakaliamini, yote mawili, kwa sababu Yotham hakuwahi kusoma neno la bure. Kwao maana yake ilikuwa moja tu. Mzee alikufa, akarudi. Wa kwanza kuja alikuwa mama ambaye mwanawe alichukuliwa na mto Ruaha wala mwili haukuonekana. Mzee alimwambia hajui lolote. Yule mama alirudi kesho yake, na kesho yake tena, akalala kizingitini. Siku ya nne mzee akamwambia amemwona mwanawe, hajambo.

Mwajabu alimsogelea, akachuchumaa kando ya kiti. "Baba, waambie ukweli."

"Niliwaambia tangu mwanzo, hata ofisini nilikueleza. Nani alisikia?" Alitazama viganja vyake. "Na kuna mambo nawajibu siku hizi, majina ya utotoni, makovu, nao wanalia wanasema ndivyo. Sijui nayatoa wapi."

Ndipo Mwajabu aliposimama akawageukia watu. Aliwaambia jina lake na ofisi yake. Aliwaambia Yotham Mazengo amekufa na alizikwa Mlali. Tangazo la kwanza lilitengenezwa na mtu asiyejulikana. La pili liliombwa na kutumwa na yeye, Mwajabu, likatengenezwa kwa simu, kwa maneno ya mjane wa Yotham, na mzee huyu hakufa hata siku moja. Alisema yote bila kuficha, akijua maneno hayo yatamgharimu kazi.

Walimsikiliza kwa heshima. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, kengele ya mbuzi ilisikika mlimani. Kisha yule mama wa Ruaha, aliyekuwa mstari wa mbele, akauliza polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha ameelewa.

"Kwa hiyo aliyekufa alisema kwa mkono wako?"

"Hapana, mama. Ilikuwa simu. Ni mashine."

"Lakini alisema kweli. Na wewe ndiye uliyemwita."

Mmoja mmoja watu walikuwa wanageuza miili yao pale chini, kutoka kwenye kiti cha mzee kuelekea aliposimama Mwajabu. Yule mama akafungua fundo la khanga yake, akatoa picha ndogo ya pasipoti iliyokunjika pembe, ya kijana mwenye shingo ndefu, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Anaitwa Mudrick," alisema. "Sauti yake mwenyewe sijaisikia bado."