Harusi Iliyongoja Uuguzi

Mume wangu Lamont alipouawa vitani Afghanistan, jeshi liliniletea bendera iliyokunjwa pembetatu, na baadaye haki ya kusoma. Serikali ingenilipia ada yote ya chuo cha uuguzi hapa Fayetteville, pamoja na posho ya kodi ya nyumba. Sharti lilikuwa moja tu: nisiolewe tena. Nikiolewa, malipo yanakoma.

Sikulijali sharti hilo mpaka nilipompata Clifton. Alikuja kutengeneza kiyoyozi cha Mama Earlene, mama mkwe wangu, akakaribishwa kambare wa kukaanga. Wiki iliyofuata kiyoyozi kikaharibika tena, na nina hakika Mama Earlene ndiye aliyekichokoa. Aliniambia mwanawe amelala, mimi sijalala.

Clifton aliponichumbia tulikubaliana tungoje nihitimu, maana ada nyingine sikuwa nayo. Tukapanga Mei. Chuo kikasema nafasi za mazoezi hospitalini zimejaa, baadhi yetu tusubiri muhula mwingine. Nilipiga simu, nikawekewa muziki, nikaambiwa niongee na ofisi nyingine, nayo ikanirudisha kwa ile ya kwanza. Tukasogeza harusi hadi Desemba. Kabla ya Desemba mwalimu wa uuguzi wa watoto akaacha kazi, somo likaahirishwa. Tukasogeza tena.

Kanisani wakawa wanauliza kama gauni langu linakuja kwa miguu. Clifton alicheka nao. Lakini jioni moja, akinisikiliza nikikariri majina ya dawa, akasema, "Unajua, Vernita, mimi ni mume mdogo. Mume mkubwa ndiye anayelipa ada."

"Basi mheshimu mkubwa wako."

"Namheshimu. Ila angekuwa hai, ningemwomba zamu."

Kisha hakucheka tena. Alitaka tufunge ndoa kimyakimya kwa karani wa mahakama, tusimwambie mtu. Nilikataa. Nilimwambia kuidanganya serikali ni sawa na kumwibia Lamont, na yeye akaniomba niendelee kukariri dawa zangu.

Nilikuwa muhula wa mwisho Clifton alipoanguka ghafla akiwa juu ya paa la duka, akitengeneza mitambo ya kiyoyozi. Mshipa ulipasuka kichwani. Nilifika hospitali nikiwa na sare ya mwanafunzi. Muuguzi wa mapokezi akaniuliza mimi ni nani kwake.

"Mchumba wake."

"Pole, dada. Nahitaji ndugu wa damu au mke."

Alikuwa sahihi. Ndivyo nilivyofundishwa darasani, na ndivyo nilivyojibu kwenye mtihani.

Ndugu aliyepatikana ni dada yake, Rhonda, wa jimbo la Ohio, ambaye hakuwa akisemezana naye tangu mama yao afe. Aliamua kwa simu mashine zilizokuwa zikimpumulisha zizimwe. Huenda nami ningeamua hivyo. Sitajua, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Clifton alikuwa amesema mara nyingi kwamba anataka kuzikwa hapa Fayetteville. Nilipompigia Rhonda kumweleza, hakunigombeza. Alisema tu, "Samahani, mama, mimi sikujui," akausafirisha mwili hadi Ohio.

Kwenye tangazo la msiba sikutajwa. Mama Earlene alilisoma mara mbili, akalikunja, akaniambia nikae nile.

Mei nilihitimu. Malipo ya muhula huo wa mwisho yalifika yote, bila kuchelewa, na bila mimi kupiga simu hata mara moja.