Vitoro Linatosha

Elick Ndizeye alikuwa kijana wa mjini, na mji wenyewe ni Biharamulo. Usicheke. Mji una boma la Mjerumani, una hospitali, una soko, una mabasi yanayopiga honi alfajiri kana kwamba abiria wote ni viziwi, na tangu Jumanne ulikuwa na gari dogo jekundu liitwalo Vitoro, lililoinuliwa kidogo kutoka ardhini ili mwenye nalo ajione anamiliki gari kubwa.

Halikuwa lake. Duka moja la magari la Mwanza lilikuwa limemwazima kwa siku nne alipime na kulirekodi kwa ajili ya chaneli yake ya mtandaoni, yenye wafuasi elfu tatu na ushee, mmoja wao mama yake mzazi. Video ikiwapendeza wangemwajiri awe mtangazaji wao wa Kanda ya Ziwa, kazi ya mkataba na bima, yeye ambaye stashahada yake ya uandishi wa habari ilikuwa mwaka wa tano imening'inia ukutani bila kumletea hata kikombe cha chai. Masharti yalikuwa mawili. Gari lirudi bila mkwaruzo, na mwishoni mwa video atamke sentensi hii kama ilivyo: "Vitoro linatosha kwa kila hitaji la kijana wa mjini."

Sentensi nyepesi. Elick alishaikariri mpaka akawa anaiota.

Siku mbili alilipima pale mjini, na kwa kweli gari lilikuwa na mambo. Lilikuwa na taa za ndani za rangi saba, ili kijana akikwama kwenye foleni achague akwame kwa bluu au kwa zambarau. Foleni yenyewe ndiyo haikupatikana, ikabidi arekodi mabasi matatu stendi. Lilikuwa na king'ora cha kumwonya dereva akivuka mstari wa barabara, lakini mitaani kwao barabara hazina mistari, hivyo king'ora kikakaa kimya kwa heshima. Lilikuwa na jicho la kutambua watembea kwa miguu, nalo lilimpa kila mbuzi wa sokoni haki zote za raia. Elick aliyasifia yote akiwa mbele ya boma, miwani ya jua usoni, akipaita pale "katikati ya jiji".

Wale wa Mwanza wakapenda, wakaomba na milima kidogo. Milima iko Bugarama, wilayani Ngara, nyumbani kwa mama yake, Josefina. Alhamisi akafunga safari.

Sasa, kitongojini kwa Josefina hakuna chombo chenye injini kinacholala hapo bila kupimwa na chama cha ingobyi. Ingobyi ni kile kitanda kirefu cha kusuka, chenye miti ya kushikia, ambacho majirani humlaza mgonjwa na kushuka naye mabegani hadi kituo cha afya. Kila kaya hutoa mwanamume mmoja, na kaya ambayo mwanamume wake hakutokea hutoa mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi. Mwanamume wa kaya ya Josefina ni Elick. Kwa kuwa Elick alikuwa mjini akijifunza kuwa wa mjini, mjane yule alikuwa amewanywesha wabebaji kwa miaka sita.

Lakini mabega nayo huchoka. Ndiyo maana chama kina daftari, na ndani yake kimeandikwa kila chombo na uwezo wake. Pikipiki ya katekista: "mgonjwa anayeweza kukaa". Lori la mnunuzi wa maharage: "Jumamosi, dereva akiwa hajalewa".

Elick hajamaliza chai, mwenyekiti wa chama akatokea. Mzee Ndikuriyo alikuwa na daftari kwapani, na nyuma yake wanaume wanne na ingobyi yao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kupima."

"Nimeshalipima, mzee. Nimelipa alama tisa kwa kumi."

"Hizo ni za kwako. Minani, lala."

Minani ndiye mtu mrefu kuliko wote kitongojini, na kwa sababu hiyo ndiye mgonjwa rasmi wa chama. Alijilaza kwenye ingobyi, akafumba macho, akaanza kugumia kwa ufundi wa miaka mingi. Wakamwingiza kwa mlango wa nyuma. Ingobyi ikagoma mlangoni. Wakaiweka chini, wakamwingiza Minani peke yake, siti za nyuma zikiwa zimelazwa. Kichwa kikagonga siti ya dereva, na miguu ikabaki nje kuanzia magotini. Hapo gari likaanza kulia.

"Linasema nini?" mzee akauliza.

"Linasema mlango uko wazi."

"Kumbe linajua. Basi linafanya makusudi."

"Mzee, hili si gari la wagonjwa," Elick akasema, akijitahidi asipandishe sauti. "Ni gari la vijana wa mjini."

"Kule mjini watu hawalali?"

"Wanalala, lakini si kwenye gari."

Ndikuriyo akailowesha kalamu ya risasi kwa ulimi, akaandika polepole kama mtu anayeandika wosia. Elick akachungulia. "Gari jekundu la mtoto wa Josefina. Halitoshi."

Iliwauma wenye gari Mwanza? Hawakuwepo. Ilimuuma Elick. "Watu hawa hawajui magari," alimwambia mama yake walipoondoka.

"Kweli hawajui," Josefina akajibu akikusanya vikombe. "Wanajua kubeba."

Ijumaa asubuhi ilibaki sentensi tu. Elick alitaka aitamke na milima nyuma yake na gari likimeremeta, nalo lilikuwa limejaa vumbi jekundu la njiani. "Mama, maji yapo?" akauliza, macho kwenye simu. Maji yalikuwa kisimani, bondeni, na Elick alikuwa bado hajafunga kamba za viatu vyake vyeupe. Josefina hakumsubiri. Alishuka na ndoo, akapanda nayo kichwani, na pale penye udongo wa utelezi, ndoo ikaenda kwake na yeye akaenda kwake.

Elick alisikia ukelele, akakimbia. Mguu wa mama yake ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali ambapo mguu wa binadamu haupindi. Ndikuriyo na Minani walifika mara moja, wakaukaza kwa fito mbili na vipande vya kitenge. "Usikunjwe huu," mzee akaonya. Wakapiga simu kuita gari la wagonjwa. Lilikuwa njiani kwenda hospitali ya wilaya na mama mjamzito.

"Gari lipo!" Elick akapaza sauti. "Mleteni hapa!"

Wakamjaribu siti ya mbele, mguu ukakwama. Wakamlaza siti ya nyuma, mguu ukatoka nje ya mlango. Wakajaribu kwa nyuma kabisa, na kila walipomnyanyua alikuwa anaing'ata kanga yake. Wakamrudisha mbele, na safari hii akapiga kelele. Gari nalo likapiga zake. Mwanamke alikuwa amevunjika mfupa, na gari lilikuwa linamkumbusha kufunga mkanda.

"Elick," Josefina akasema, jasho likimtiririka. "Mwanangu, nitoe humu."

Elick aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Akamtoa.

Ingobyi ililetwa bila mtu yeyote kusema "tulikwambia", jambo ambalo lilimuuma zaidi. Wabebaji walivua viatu ili wasiteleze. Ndikuriyo akavitazama, akalitazama gari. "Libebe viatu," akasema. Vikapakiwa. Vilitosha.

Basi msafara ukaenda hivyo: mbele wanaume wanne na Josefina mabegani, wengine wa kupokezana pembeni, nyuma kijana wa mjini akiendesha kwa mwendo wa kinyonga, taa za dharura zikiwaka. Kila alipowakaribia, gari lilimwonya kwamba kuna watembea kwa miguu. Walipofika penye migomba, njia ilibana, kisiki kikaukwaruza mlango wa kushoto toka mwanzo hadi mwisho. Alikisikia. Mbele, mzee Ndikuriyo akainua mkono, msafara ukasimama.

"Zamu ya kaya ya Josefina."

Elick alizima gari. Hakwenda kuuangalia mlango. Alivua viatu vyake vyeupe, akaviweka pamoja na vya wenzake, akapokea mti begani. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na njia ilikuwa ndefu kuliko alivyoizoea akiwa kwenye siti. Kichwa cha mama yake kilikuwa karibu kabisa na sikio lake.

"Taratibu, usiniyumbishe," Josefina akanong'ona. Baada ya hatua kadhaa akaongeza, "Leo sitoi mtungi."

Elick alikuwa analia, wala hakuweza kujifuta, kwa sababu mikono yote ilikuwa kwenye mti.

Kituo cha afya walimpokea vizuri, wakampa dawa ya maumivu, wakaufunga mguu, wakasema gari la wagonjwa likirudi atapelekwa hospitali. Simu ikaita. Mwanza walikuwa wanataka video kabla ya saa kumi. Mkataba ulishachapwa, ulikuwa unasubiri sentensi tu.

Elick akakaa kwenye benchi la nje, pekupeku, shati limechanika begani. Nyuma yake hapakuwa na milima wala gari linalometameta. Palikuwa na ukuta, na ingobyi imeegemezwa hapo. Akaiinua simu, akajitazama, akawasha.

"Vitoro linatosha kwa kila hitaji la kijana wa mjini," akatamka, neno kwa neno, kama walivyotaka. Angeweza kuzima hapo. Kazi ilikuwa mkononi tayari, na bima yake.

"Ili mradi asiwe na mama," akamalizia, akaituma.