Nywila Iliyolala Wazi

"Tumepanda, mwanangu," mama yake alisema simuni kutoka Mwimbi, akihema. "Kama ulivyoagiza."

Winifrida akashusha kikombe cha uji. "Nimeagiza nini, mama?"

"Si umetuma ujumbe wa chama? Mvua imefika, tupande leo. Kijiji kizima kimeinama."

Nje ya ofisi, anga la Sumbawanga lilikuwa kavu, jeupe kama sahani ya harusi. Ilikuwa Oktoba changa. Mbegu iliyozikwa leo ingeliwa na mchwa kabla ya tone la kwanza, na hakuna kaya yenye mbegu ya pili.

Programu ya chama cha wakulima aliiunda yeye. Wakulima elfu nne waliitii kuliko walivyomtii katekista. Nywila ya kutumia ujumbe ililindwa kwa ibada: mwenyekiti, Mzee Zenon, aliapa kwa Biblia kwamba hatamwambia hata mkewe, na katibu aliyeiandika kiganjani alisuguliwa mkono kwa majivu mbele ya kikao.

"Calvin, nani katuma huu ujumbe?"

Mwenzake wa meza ya pili akakagua. "Wewe, dada. Umeingia kwa jina lako na nywila ya chama."

Winifrida akafungua kompyuta ya kuundia programu, ile inayounganisha vipande vyote kila wanaporekebisha kitu. Aliiacha wazi mtandaoni, bila mlango, kama jiko la msibani, ili mafundi wa Namanyere nao waitumie. Kwenye faili la mipangilio, mstari wa saba, kando ya jina lake, nywila ilikuwa imelala uchi. Haikufumbwa, haikufunikwa hata kwa vinyota. Aliiweka kwa mkono wake, mwezi Machi, mashine isimsumbue kwa maswali.

Akamgeuzia Calvin skrini. "Tumewaapisha wazee wazima, Calvin. Mashine hatukuiapisha."

"Tutume ujumbe wa kukanusha?"

"Badilisha nywila kwanza. Halafu tuma. Ila wataamini? Unatoka mdomo uleule."

Akarudi kwenye simu. "Mama, sikutuma mimi. Mwizi kaingia kwa uzembe wangu. Mbegu zifukuliwe."

"Watu wamepanda kwa jina lako, Winifrida."

"Najua. Weka spika, nisikike."

Akalitaja jina lake, akakiri, akaomba. Kule shambani mtu akacheka kicheko kikavu. Kisha jembe likawekwa chini, likafuata jingine. Vidole vikaanza kuchakura udongo, na punje zikagonga bakuli la bati, moja, moja, mbali sana.