Gia Boksi ya Mama Mkwe

Gari la mama mkwe likisumbua, fundi hata usingizi haupati. Wateja wengine wakilalamika, Masikio, aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa hutambua ubovu wa gari kwa kulisikiliza tu, huwajibu kwa utani na maisha yakaendelea. Lakini hili kuukuu la kutoka ng'ambo alilichagua yeye mwenyewe, tena akaapa mbele ya ukoo mzima wa mkewe kwamba gia boksi yake ingemzika yeye kwanza. Sasa lilikuwa limerudi gereji tena, na ndilo ambalo mama mkwe alimchukulia binti ya Masikio shuleni kila mchana.

"Linanguruma tu, haliendi," mama mkwe alisema. "Halafu linanuka kuungua. Mkeo anasema umenichagulia chuma chakavu."

Masikio alicheka. Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, akakinusa. Oili aliyoiweka juzijuzi ikiwa nyekundu ilishageuka kahawia na kunuka moshi. Kompyuta ya kupimia haikuonyesha kosa lolote. Akaliendesha mwenyewe kuzunguka mtaa, na gia zikapanda na kushuka bila kelele. Hapo ndipo hofu ilipompanda hasa. Ubovu uliomkwepa yeye ungeweza kujitokeza katikati ya barabara, mtoto wake akiwa kiti cha nyuma.

"Endesha wewe, mama," alisema. "Mimi nitasikiliza."

Hawakufika mbali. Injini ilinguruma, gari likajikokota, harufu ikaanza. Masikio aliinama, akasogeza sikio karibu na sakafu, akiomba isiwe zile sahani za ndani ya gia boksi zimelika. Akaona miguu. Wa kulia ulikuwa kwenye mafuta, wa kushoto kwenye breki, na yote miwili ilikuwa imekandamiza. Injini ilisukuma, breki ikazuia, gia boksi ikachemka katikati.

Alishusha pumzi. Kumbe ni mazoea ya gari la klachi, ambalo mguu wa kushoto haukosi kazi; hili la otomatiki hutaka wa kulia tu! Akaanza kutafuta maneno ya adabu ya kumkosoa mama mkwe wake, maana hayo hayauzwi dukani. Ndipo akaona mguu wa kulia uko peku, kiatu kimelala pembeni.

"Mama, kiatu kimekuvuka."

"Kipi?" aliuliza, akatazama mguu wa kushoto.

Masikio aliunyooshea kidole mguu wa kulia. Mama mkwe alisimamisha gari kando ya barabara, akazima injini.

"Ni hii sukari," alisema bila kumtazama. "Ilianza ganzi ya vidole, sasa mguu wote wa kulia siusikii. Wa kushoto bado unasikia, nikaupa breki. Naogopa kuuondoa hapo, hasa nikiwa na mtoto."

"Mke wangu anajua?"

"Hajui, na wewe usimwambie. Sema gia boksi imekufa. Nitaliegesha, yaishe. Akijua ni mguu, kesho nitakuwa mzigo wa kubebwa huku na kule. Nisitiri, baba."

Lilikuwa jambo jepesi. Yeye angemeza aibu ya kuchagua gari bovu, mtoto angekuwa salama, na mama angebaki na heshima yake. Kwa mkwe anayempenda mkwewe, hiyo si bei kubwa.

"Tubadilishane viti kwanza," alisema.

Mama alishuka, akapita mbele ya gari taratibu huku ameshika boneti. Aliingia upande wa pili, akafunga mkanda, akamgeukia.

"Tumekubaliana, baba?"

Masikio alitazama chini. Kipande cha chupa kilikuwa kimezama kwenye kisigino cha mama kilicho peku, damu ikitiririka kwenye kapeti, na yeye alikuwa ametulia akisubiri jibu.

Masikio alitoa simu.

"Gia boksi ni nzima," alimwambia mkewe. "Mchukue mtoto shuleni, kisha utukute hospitali."