Mafuta ya Sangara kwenye Waya wa Mionzi

Shemeji yangu Mihayo alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuamini kwamba kitu asichokiona kinaweza kumuumiza. Na kazi yetu ilikuwa kitu hicho hicho. Mimi nilitunza na kukagua mashine ya mionzi, ile inayopiga picha mabomba ya chuma ili ijulikane kama kiungo kimeshika vizuri au kina ufa ndani. Yeye aliiendesha. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vinaota pembeni mwa ziwa kama uyoga, na mabomba yao ya kugandishia samaki yote yalitaka kupigwa picha.

Ndani ya kasha zito la mashine kuna kidonge kidogo chenye mionzi kilichofungwa kwenye ncha ya waya. Unasimama mbali, nyuma ya ukuta, unazungusha hendeli, waya unakisukuma kidonge mpaka kwenye bomba. Picha ikishaingia unazungusha kinyume, kinarudi kashani. Kikiwa kashani hakina neno. Kikiwa nje kinaunguza nyama na mifupa bila moshi wala harufu. Ndiyo maana kila asubuhi nilikagua kila kitu, na kila asubuhi Mihayo alinicheka.

"Shemeji, mashine unaibembeleza kuliko unavyombembeleza kaka."

"Kaka yako hana mionzi."

Asubuhi ile nilikuta waya umekauka. Nikamtuma akanunue oili. Aliporudi na kuupaka waya, hendeli ilizunguka laini kabisa, nikaridhika, tukaenda kiwandani.

Chumba cha kwanza cha baridi kilikuwa kimeshawashwa kwa majaribio. Mabomba yetu yalikuwa chumba cha pili, nyuma ya ukuta mnene wa zege, kwa hiyo kasha tuliliweka huko, sisi tukakaa na hendeli nje ya mlango, na mpira unaobeba waya tukautandaza kwenye sakafu ya chumba cha baridi hadi tundu la ukutani. Mihayo akazungusha, kidonge kikatoka. Tukasubiri picha iingie. Akazungusha kinyume, hendeli ikagoma.

Akakaza meno, akajaribu tena. Wapi! Kipima mionzi changu kilikuwa kinaonyesha wazi kuwa kidonge bado kiko nje.

"Ulinunua oili gani?" nikamuuliza.

Akatazama viatu vyake. "Duka lilikuwa limefungwa. Nilipaka mafuta ya sangara, ya wale mama wa mapanki, wanaokaanga mifupa ya samaki inayobaki viwandani."

Nilitamani kumzaba kofi. Mwanza hii mafuta hayo yanakaanga, yanawasha kibatari, yanalainisha mnyororo wa baiskeli, basi naye akaona yanafaa popote. Mimi nisingeweza kuyanusa, maana mji mzima unanuka samaki.

Venant, msimamizi wa kiwanda, akaja mbio. "Malori yako getini na samaki wanaharibika! Mlango nitafungua lini?"

Kabla sijamjibu, Mihayo alikuwa ameshavua koti. "Naingia. Nauvuta kwa mkono, mara moja tu, natoka."

Nikasimama mlangoni, miguu imetanuka kama golikipa. "Ukikishika kile, vidole vitavimba, vitaoza, na hospitali watavikata. Huingii."

"Kosa ni langu, shemeji."

"Na mikono ni ya watoto wako. Kaa chini!"

Nilipiga kelele hivyo kwa sababu niliogopa. Alikuwa na nguvu kuliko mimi, na aibu inamtia mtu wazimu. Lakini alikaa.

Nikafikiri. Mafuta hayo nimeyapika tangu nikiwa msichana Nansio: yakipata baridi yanaganda, yakipata moto yanakimbia. Waya haukukatika wala haukupinda, umegandiwa! Nikaingiza kipima mionzi chumba cha baridi, nikapima kila hatua. Ukuta wa zege ulikuwa unatulinda vizuri.

"Zima baridi," nikamwambia Venant. "Na wapishi wako wana maji ya ugali jikoni?"

"Yanachemka."

"Lete yote."

Akatazama malori, akanitazama mimi, kisha akaenda kuyabeba mwenyewe. Tukaumwagia mpira maji ya moto kutoka mwanzo hadi ukutani, mvuke ukajaa chumba. Nikashika hendeli. Sikuilazimisha. Ikasogea unywele mmoja, ikasimama. "Mwaga tena!" Ikasogea. Kisha ikalegea ghafla, nikazungusha, nikazungusha, mpaka nikasikia kufuli la kasha likisema *tak*.

Niliingia chumba cha pili peke yangu, kipima mionzi mbele. Nikapima kuanzia bombani hadi kwenye kasha. Kimya.

"Kimerudi!" nikapiga kelele. "Kimerudi, na hakuna aliyeungua!"

Wapishi waliokuwa wameyafuata maji yao wakapiga vigelegele. Venant akasema, "Haya, sasa tuendelee na picha."

"Hakuna picha mpaka niuoshe waya huu na kuujaribu upya."

Hakubisha. Akaenda getini kuwaambia wenye malori wapeleke samaki kwingine kwenye barafu.

Ugali siku hiyo ulichelewa, kwa sababu tulikuwa tumemwaga maji yake sakafuni. Ulipokuja, Mihayo alinawa, akakata tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akachovya mchuzi. Nilitazama kidole baada ya kidole. Siku ya harusi yangu sikuwa na furaha kama ile.

"Shemeji, mbona unanitazama hivyo?"

"Kula," nikamwambia, nikamsogezea na mboga yangu.