Jibu Lililofika kwa Wote

Dereva wa basi la shule alianza kujificha na simu, na mkewe, ambaye si mtu wa kulaza neno moyoni, akamuuliza mbele ya watoto kama huyo mwanamke ana jina.

"Mwanamke gani tena, mama watoto?"

"Huyo anayekupeleka chooni na simu kutwa mara sita."

Watoto wakaangua kicheko. Dereva naye akacheka, kicheko cha midomo tu, kisha akaenda chooni na kufunga komeo. Heri ingekuwa mwanamke. Jambo alilokuwa nalo lilimtisha mno kulisema mezani.

Macho yake yalikuwa yanakufa kutoka pembeni. Mbele aliona vizuri, hata sindano angeitunga uzi, lakini kushoto na kulia pamefungwa, kama anayechungulia kupitia bomba. Daktari hakumzungusha: ugonjwa huu hauna dawa, bomba litazidi kubana, na usukani, bwana, uuache leo. Leo! Kazi nyingine hakuijua, na nyumbani kulikuwa na midomo ya kulisha. Akajiambia ataendesha mpaka shule zifungwe, kisha atajua la kufanya. Hakumwambia mtu.

Halafu ikaja siku ile kwenye kona ya karakana ya mbao. Mwenye baiskeli hakutokea popote. Alikuwapo tu, ghafla, ubavuni mwa basi, kiganja chake kikipiga bati. Dereva alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, watoto wakarushwa mbele, mikoba ikamwagika. Hakuumia mtu. Matroni wa basi, dada mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alitoa kichwa dirishani akamshushua yule wa baiskeli mpaka akaishiwa maneno.

"Hana macho yule!" akamalizia.

"Kweli," dereva akaitikia. "Hana macho."

Akaendesha taratibu hadi kwenye geti la shule.

Ndipo alipoanza kutafuta kwenye simu watu wa aina yake. Akaangukia tovuti iliyokusanya makundi ya majadiliano ya barua pepe. Unajiunga na kundi, na kila anachoandika mwanachama mmoja kinaingia kwenye sanduku la barua la kila mwenzake. Yalikuwapo ya wafuga nyuki, ya wenye kisukari, ya wapenda saa za zamani. Chini yakafuata ya wasioona: la wapishi wasioona, la wazazi wa watoto wasioona, la wanaojifunza kusoma kwa vidole, na moja la watu wanaoona bado lakini wanaelekea kutoona. Hapo kidole kikasita. Kujiunga ni kukubali. Mwishowe akajiunga, na pa jina akaandika Abiria.

Jamani, watu wale walikuwa wakicheka! Mmoja alisimulia alivyompa shikamoo sanamu ya duka la nguo, akakasirika isipoitika. Mwingine aliuliza utajuaje chai imefika ukingoni mwa kikombe, kundi zima likamvamia kwa ushauri. Kicheko chao kilimtia dereva baridi kuliko maneno ya daktari. Wamekwisha fika huko anakopelekwa yeye, wametandika mikeka wamekaa.

Aliyempenda ni mwalimu mstaafu aliyejiita Bibi Fimbo. Bibi huyo alieleza jinsi alivyomficha mwalimu mkuu macho yake mpaka alipoamua kusema mwenyewe. Huyu atanielewa, dereva akawaza. Akafungua barua ya bibi, akabonyeza "Jibu", akaandika:

"Shikamoo bibi. Haya naomba yabaki kati yangu na wewe. Mimi ni dereva wa basi la shule. Pembeni sioni. Juzi nusura niue mtu wa baiskeli kwenye kona ya karakana ya mbao, na mgongoni nina watoto wa watu. Madereva tutapimwa macho karibuni. Nieleze mtu anafanyaje mpaka apite. Nikisema kazini nimemwaga unga."

Akatuma. Kwa mara ya kwanza tangu kwa daktari alivuta pumzi ikashuka mpaka tumboni.

Jibu halikukawia. "Marahaba mwanangu. Kwanza ujue, kwenye kundi hili ukibonyeza Jibu umewajibu wote. Barua yako tumeipata sote. Pili, mimi nilificha nikiwa nimeshika chaki. Wewe umeshika watoto. Shuka."

Akamwandikia msimamizi wa kundi, amfutie, amsitiri. Msimamizi akajibu kwa upole kwamba ameiondoa kwenye kumbukumbu za kundi, lakini iliyokwisha ingia kwenye masanduku ya watu hana mkono wa kuifikia. Kisha ikaja ya tatu, kwake peke yake, haina jina.

"Kona hiyo naijua. Mwanangu hupandia hapo."

Asubuhi alipita vituo vyake roho mkononi. Kila mzazi aliyemsalimia alimwona ndiye. Mama mmoja muuza dawa, mwenye miwani mizito, alimpandisha mwanawe akainamia dirisha.

"Mbona leo hunitazami, dereva?"

"Usingizi tu, mama." Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Akawaza kupitiliza ile kona asisimame. Lakini matroni alikuwa nyuma, na vichwa vya watoto vilishaonekana mbele. Alisimama.

Siku zote binti wa pale aliletwa na nyanya yake. Leo alikuwa na baba, fundi wa karakana, anayepasua mbao kwa msumeno wa umeme. Matroni akampokea mtoto. Fundi akazunguka mbele ya basi, kiganja kikisugua bati mpaka kikakuta kioo cha pembeni. Vidole viwili vilikuwa vimefungwa bendeji.

"Abiria," akaita polepole.

Dereva akainamia dirisha. "Kaka, nakuomba usiniharibie."

"Nikuharibie mimi?" Fundi akainua vile vidole. "Hivi ni msumeno. Bosi anadhani ni uzembe, hajui ni macho. Nikienda kukusema shuleni wataniuliza nimejuaje, nami nimekwisha. Kwa hiyo mimi kimya, wewe kimya. Tumeelewana?"

Huo ndio msamaha aliouomba usiku kucha. Akageuza kichwa chote, kama alivyolazimika siku hizi, akamtafuta yule binti. Alikuwa kiti cha pili, anafunguafungua mkoba.

"Na mtoto?" akauliza.

"Mtoto kafanyaje?"

"Barua umeisoma. Halafu umempandisha."

"Nikimzuia mama yake atataka sababu." Fundi akakwepesha uso. "Nenda taratibu tu. Asubuhi baiskeli si nyingi." Akapiga mlango mara mbili, kama mtu anayeaga gari.

Dereva alimtazama kwa kile kijitundu alichobakiwa nacho. Hakuwa mtu mbaya. Sweta ya mtoto alikuwa ameifunga vifungo vyote, na bado, kwa woga, amempakia. Na mimi je, dereva akawaza, nimewapakia wangapi? Hapo aliogopa kuliko siku ya baiskeli, kuliko chumba cha daktari, alijiogopa mwenyewe.

Akazima injini.

"Kulikoni?" matroni akapaza sauti.

"Washushe watoto. Wakae ukutani, mbali na barabara."

"Basi limeharibika?"

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari ulimini, jepesi kabisa. Akalimeza.

"Basi ni zima. Mimi sioni, dada. Pembeni sioni kitu, siku nyingi."

Matroni alianza kucheka, akamtazama vizuri, akaacha. Akaanza kuwashusha mmoja mmoja, kwa sauti ndogo ambayo watoto hawakuwahi kuisikia.

"Umeniua," fundi alinong'ona. "Wakikuuliza, mimi hunijui." Akageuka, akaingia karakanani, bega likigonga mhimili wa geti.

Dereva alishuka akasimama ukutani na watoto. Matroni alikuwa anapiga simu shuleni. Ng'ambo ya ukuta msumeno ukaanza kulia, na kila ulipokatika ghafla, dereva alizuia pumzi mpaka ulie tena.