Jina la Baba: Nzisa

Firdaus Ramadhan alikuwa ameandika insha ndefu kuliko zote darasani, kurasa ishirini na mbili juu ya "Sauti ya Mtoto", bila kuhesabu ukurasa wa shukrani ambamo alimshukuru hadi mwenye duka la fotokopi. Mhadhiri alimpa alama ambayo haikuwa imeonekana tangu idara ifunguliwe. Basi muhula wa mafunzo ya nyanjani ulipofika, maana shahada ya uzamili ya ustawi wa watoto haitolewi kwa insha peke yake, alishuka Machakos na faili jipya, kalamu tatu, na shuku za kutosha wilaya nzima.

Hakuwa mgeni. Alizaliwa hapo hapo mjini, mama yake akiuza mahamri karibu na msikiti, na Kikamba alikijua. Yaani kile cha kushusha bei ya maembe. Hicho ndicho kilichomdanganya.

Wiki ya pili, Bwana Gikonyo, afisa wa watoto aliyekuwa amehamishwa kutoka Nyeri miezi miwili tu nyuma, alimsukumia barua juu ya meza.

"Kesi yako ya kwanza. Wewe ndiye msomi, nenda uangalie. Ukipata huyo mtoto ako kwa hatari, tunamtoa, anakaa kwa makao ya watoto mpaka korti iseme. Ripoti yako ndiyo nitabeba."

Barua ilitoka shule moja upande wa Masii. Mtoto wa darasa la tatu, Nthenya, aliambiwa aandike majina ya wazazi. Akaandika: Mama, Mwikali. Baba, Nzisa. Na Nzisa, barua ilieleza, ni mwanamke, tena ajuza; baba halisi hajulikani, na mtoto achunguzwe ni wa nani. Chini palikuwa na sahihi mbili, ya mwalimu na ya mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu aitwaye Laban. Firdaus aliziruka sahihi. Nani husoma sahihi?

Alimkuta Nzisa ameketi kwenye kigoda akipukuchua mbaazi. Pembeni, Mwikali, mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye mtoto mchanga mgongoni, alikuwa akipepeta mahindi. Nthenya alikuwa shuleni.

"Susu, habari ya hapa?" Firdaus akasema, akijivunia ile "susu", maana ndivyo Wakamba wanavyowaita bibi zao.

"Ya hapa iko hapa. Yako imetoka wapi?"

"Ofisi ya watoto."

"Nani amekutuma?"

"Ofisi, susu."

"Ofisi haina mdomo. Nani amekutuma?"

Firdaus akafungua faili, akatabasamu lile tabasamu la kufundishwa. "Nthenya ni mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Na uko na miaka mingapi?"

"Niliolewa ule mwaka wa nzige, wakati wa Mzungu."

Firdaus akapiga hesabu pembeni mwa fomu. Hata akimhurumia vipi, huyu mama angekuwa amejifungua akiwa na miaka sitini na tano. Akamgeukia Mwikali.

"Ni wewe ulimzaa Nthenya?"

"Ndiyo."

"Kwa hivyo ni wako."

"Hapana. Ni wa Nzisa."

"Na huyu mgongoni?"

"Pia ni wa Nzisa."

"Na baba yao?"

Ungo ukasimama. Mwikali akamtazama ajuza, ajuza akaitazama mbaazi moja kama anaijua kwa jina.

"Andika Nzisa," akasema Mwikali.

Nywele zilimsimama Firdaus chini ya mtandio. Alienda kwa majirani watatu. Wa kwanza alisema hajui kabla swali halijaisha. Wa pili alishika sikio la kushoto akidai halisikii, halafu akasahau akashika la kulia. Wa tatu alijibu, "Kwa Nzisa kuko sawa. Nani amekutuma?" Kijiji kizima kama kilipewa majibu na mwalimu mmoja.

Aliporudi ofisini aliandika: "Kuna dalili kwamba mwanamke mzee anamtumia mwanamke mwenye umri mdogo kuzaa watoto kwa sababu zisizojulikana." Akapiga mstari chini ya "zisizojulikana". Akaona mmoja hautoshi, akapiga wa pili.

Gikonyo alisoma, akapiga mluzi. "Nimeona watoto wakiuzwa, Firdaus. Huanza hivi hivi, kila mtu amenyamaza. Kesho tunaenda na gari."

Gari lilikuwa Land Rover ya serikali, na kesho yake lilisukumwa na watu sita, Gikonyo kwenye usukani, ndipo likakubali. Lilipoingia kwa Nzisa, Nthenya alikuwa ndio ametoka shule, soksi moja juu, moja chini. Mwikali aliona gari, akamwona Gikonyo akifungua mlango wa nyuma kwa ajili ya mtu fulani, akamshika mtoto mkono. Nzisa aliinuka na fimbo yake akasimama mbele ya wote wawili.

"Mwambieni Laban aje mwenyewe."

"Laban ni nani?" akauliza Gikonyo.

"Mnatumwa na yeye na hamumjui?"

Firdaus akafungua faili, akaitafuta barua. Sahihi ya pili: Laban. Alipokuwa akifunua karatasi kwa pupa, akafika ukurasa wa tatu wa fomu, na hapo kisanduku kimoja kilikuwa cheupe kama siku kilipotoka kwa mashine. "Maoni ya mtoto." Alikuwa amekiacha akijaze mwisho. Kurasa ishirini na mbili, na kisanduku kitupu.

Akachuchumaa.

"Nthenya, baba yako ni nani?"

"Si niliandika?" Mtoto alikuwa na hasira ya siku nyingi. "Na mwalimu akaniwekea kosa! Susu ndiye baba. Yeye alioa mama. Alipeleka mbuzi kwa wazazi wa mama, na ng'ombe mwenye pembe moja, watu wakacheka."

Gikonyo akauachilia mlango wa gari.

"Mimi ni iweto," akasema Mwikali, polepole, kama anayemfundisha mtoto mjinga. "Mume wa Nzisa alikufa bila watoto. Nzisa akatoa mahari, akanioa mimi, nizalie hiyo nyumba. Mwanaume mwenye alinipa mimba hana neno hapa. Watoto ni wa nyumba. Hapa kila mtu anajua."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nilikuambia," akasema Nzisa. "Uliuliza mtoto ni wa nani, nikasema wangu. Hiyo ni uongo? Laban ni mtoto wa kaka ya mume wangu. Anataka shamba mpaka mtoni. Anasema hawa ni watoto wa barabarani. Halafu unakuja na faili, baba, baba, baba. Ungeandika 'hajulikani', na hiyo karatasi Laban angeipeleka kwa kesi ya shamba kesho asubuhi."

Gikonyo alivua kofia, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Nilidhani hii mambo iliisha," akamnong'oneza Firdaus. "Futa."

Alifuta. Akaandika upya juu ya boneti ya Land Rover.

"Soma," Nzisa akaamuru.

Firdaus akasoma. "Mtoto yuko nyumbani kwao. Mama yake aliolewa na Nzisa kwa mila, mahari ilitolewa, majirani wanajua. Hakuna sababu ya kumwondoa. Malalamiko yametoka kwa mtu anayedai shamba la nyumba hii."

"Umesoma ama umeongea tu? Nthenya, soma wewe."

Nthenya akasoma, kidole kikifuata herufi, akakwama kwenye "malalamiko" mara mbili, akalivuka. Nzisa alimsikiliza midomo ikisogea. Halafu akamtuma mtoto alete daftari la Hesabu, akamwambia Firdaus aandike tena yote humo, kwa ukurasa wa mwisho. Firdaus akaandika, akatia sahihi yake, ile aliyoifanyia mazoezi tangu kidato cha pili.

Nzisa akaitazama sahihi kama mtu anayeonyeshwa noti bandia.

"Hii ni minyoo. Mimi kila karatasi ya serikali nimewekeshwa kidole. Leo weka wewe."

Basi mwanafunzi wa uzamili akatoa kwenye mkoba kile kisahani cha wino alichobebea wazee wasiojua kuandika, akabonyeza dole gumba lake mwenyewe chini ya ukurasa. Nzisa akaliinua daftari juani, akalichunguza, akamshika Firdaus mkono akalinganisha na dole lenyewe. Kisha akakagua na la mkono wa pili.

"Sawa," akasema, daftari likiingia kwapani. Fimbo ikanyooka kuelekea kwa Gikonyo. "Na dereva pia aweke."